Ukoo wa Kangagani: safari ya Zuhura

ALHAMISI

[07:12] Shangazi Mwanahawa: Assalaam alaykum jamaa zangu. Mchango wa Zuhura, atoke Pemba aje Unguja kungojea kujifungua, mpaka sasa walotoa ni watu 6, na humu tupo 41. Boti ya Jumapili nishamwekea nafasi yake na ya wa kufuatana naye. Chumba kwangu Jang'ombe nishakifagia, kitanda nimekisogeza karibu na choo asihangaike usiku. Kilobaki ni pesa na mtu wa kumsindikiza. Naomba majibu kabla ya adhuhuri.

[07:40] Juma Fundi: Waalaykum salaam. Shangazi hata chai hatujanywa 😅

[07:41] Shangazi Mwanahawa: Kunywa. Ukimaliza utume elfu 30.

[09:55] Shangazi Mwanahawa: Walosoma ni 29. Nawaona.

[10:20] Ami Hamad: Waalaykum salaam. Mwanahawa n'kuulize. Mtu hana uchungu, hana homa, anakula anashiba. Asafirishwe kama mgonjwa kwa lipi? Kwani Pemba hakuna spitali? Sisi sote tumezaliwa Kangagani kwa mkunga.

[10:24] Shangazi Mwanahawa: Kaka, mimba hii si kama zetu. Hizi za kupandikizwa hutoka kabla ya siku zake.

[10:26] Ami Hamad: Ndo nilosema tangu mwanzo. Mtoto wa chupa ana mambo yake. Na mikarafuu ya marehemu ilouzwa kwa ajili yake ishakwenda na maji.

[10:28] Ustadh Ali: Ami, hili la halali na haramu tulishalizungumza barazani. Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ilikaa Amman 1986 ikapitisha: mbegu ya mume na yai la mkewe, ndani ya ndoa, hayumo mtu wa tatu. Tusirudi huko.

[10:31] Rukia: Shikamooni wazee wangu. Nimetoka zamu ya usiku, naandika kisha nikalale.
Shangazi, jambo lipo lakini si hivyo ulivyolisema. Njiti ni mtoto alozaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Duniani ni kama 1 katika kila 10, na wengi wao mama zao hawajapandikizwa chochote. Kwa mimba za kupandikizwa huzidi, na sababu kubwa ni pacha. Zamani madaktari wakirudisha viini (yai lishaungana na mbegu) viwili, vitatu, ili angalau kimoja kishike. Wakati mwengine vikishika vyote. Na pacha zaidi ya nusu huzaliwa kabla ya wiki 37, wawe wa kupandikizwa au wa kawaida.

[10:33] Juma Fundi: Huyu mtoto ana haraka, kasikia karafuu zimepanda bei 😂

[10:33] Mwache wa Konde: 😂😂😂

[10:35] Kombo: Zimepanda wapi yakhe? Mie juzi nimepeleka pishi tatu nikarudi na huzuni

[10:36] Juma Fundi: Zako zilikuwa mbichi, ukizianika chini ya mwembe utategemea nini

[10:38] Kombo: Mwembe upi? Mwembe nilishaukata

[10:44] Shangazi Mwanahawa: KARAFUU BAADAYE. Rukia endelea mwanangu.

[10:47] Rukia: Zuhura karudishiwa kimoja tu. Hata kwa mtoto mmoja hatari imezidi, tafiti nyingi zinasema mara moja na nusu mpaka mara mbili. Tuchukulie kwa wengine ni 5 katika 100: kwa hawa itakuwa 7 au 8, ikizidi sana 10. Walobaki wote hufika siku zao. Kwa hiyo si kwamba "hutoka", Shangazi.
Na si lawama ya maabara peke yake. Anopandikizwa mara nyingi umri umekwenda, au kizazi kilikuwa na tatizo tangu hapo, na tatizo lile lile ndilo linoleta uchungu mapema. Norway 2008 walilinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja kapandikizwa na mwengine kaja mwenyewe. Tofauti ya siku walizokaa tumboni ilikuwa haifiki hata siku moja.

[10:49] Rukia: Na Ami, kwa heshima. Wa kwanza wa namna hii duniani ni Louise Brown, kazaliwa Uingereza 25 Julai 1978, kilo 2.6. Yupo hai, na yeye mwenyewe kazaa bila ya kupandikizwa. Chupani hakai mtoto. Kinokaa maabara ni kiini, siku chache tu.

[10:58] Bi Saada Jirani: Sasa si bora atoke huu mwezi wa saba? Wa saba huishi, wa nane haishi. Mama zetu wakisema.

[11:01] Rukia: Hapana Bi Saada, hilo naliomba tuliache leo leo. Kila wiki anokaa tumboni mapafu yanakomaa, anapata nyama ya kujipasha moto, anajifunza kunyonya na kumeza. Wa nane ana nafasi kubwa kuliko wa saba, siku zote. Nimewashika mikononi wote wawili. Wa saba ngozi yake unaiona mishipa kama karatasi ya mafuta, na ukimtia ziwa mdomoni hana nguvu ya kulivuta.

[11:20] Shangazi Mwanahawa: Mmesikia. Na yeye keshamaliza saba.

[11:52] Zuhura: Shikamoo Shangazi. Sijamaliza saba. Leo ni wiki 29 na siku 2. Mie tarehe yangu haikisiwi, siku walotoa mayai imeandikwa kwenye kadi, unaongeza wiki mbili unahesabu.

[11:53] Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Kumbe umo.

[11:53] Zuhura: Nimo.

[12:10] Rukia: Zuhura kaniruhusu nilitaje hili. Kondo lake limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Nalo huonekana zaidi kwa mimba za kupandikizwa. Watampima tena wiki ya 32, mara nyingi kizazi kikikua kondo hupanda. Ami, spitali Pemba zipo, hata Abdalla Mzee pale Mkoani wanapasua. Daktari wake ndiye alosema akae karibu na wodi ya njiti na damu ya akiba mpaka tujue. Uchungu ukija mapema kuna sindano anochomwa mama ya kukomaza mapafu ya mtoto, lakini inataka muda ifanye kazi. Haimfai mtu anoshushwa garini mtoto kashafika mlangoni.

[12:14] Juma Fundi: Kondo likapande kama karafuu 🙏

[12:15] Shangazi Mwanahawa: Juma.

[12:15] Juma Fundi: Nimeomba dua Shangazi, wallahi si mzaha

[12:41] Kombo: Elfu 30 nimetuma, ya mkaratusi mtaona jina la mke wangu

[12:42] Mwache wa Konde: mkaratusi?

[12:44] Kombo: simu inajiandikia. laini. LAINI ya mke wangu

[13:05] Da Asha: Mie nimenyamaza tangu asubuhi. Mwaka ule wa mimba yangu chupa ya maji ya uzazi ilishapasuka na nilikaa siku tatu nikingoja nauli ya kikundi hiki hiki. Nalala ubavu wa kushoto, nabadilisha kanga, nasoma humu. Mlikuwa mkibishana pilau ya maulidi iwe kilo ngapi. Sikufuta, ninayo yote kwenye simu. Nilipofika ng'ambo alikuwa kilo moja na kidogo, akapumua usiku mmoja.

[13:09] Da Asha: Na Shangazi. Leo unasema za kupandikizwa hutoka kabla ya siku. Nani alompigia Zuhura simu Dar akamwambia atiwe watatu, "pesa ni ile ile"? Alipokataa hukumsemesha mfungo mzima. Lau angekusikiliza leo tungekuwa wapi?

[13:10] Shangazi Mwanahawa: (Ujumbe huu umefutwa)

[13:26] Shangazi Mwanahawa: (Ujumbe huu umefutwa)

[14:02] Shangazi Mwanahawa: Ni kweli. Nilisema. Sikujua kama wingi ndio hatari, nilitaka apate wake kwa mara moja, tusirudi tena kwenye mikarafuu ya marehemu. Zuhura, ulikataa na ulikuwa na haki. Nisamehe mwanangu.
Asha, mwaka ule ninao kifuani. Ndo maana nakusumbueni tangu alfajiri.

[14:03] Rukia: Nalala sasa. Zuhura, kabla ya safari na baada yake: damu, hata bila maumivu. Maji. Tumbo linokaza na kuachia kila baada ya dakika kadhaa. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, uso kuvimba. Moja tu katika hayo, ondoka nyumbani. Usingoje kikundi. Usingoje hata mie niamke.

[14:05] Zuhura: Sawa Da Rukia.

[16:48] Bibi Time (Hidaya): Assalaam alaykum. Mie Hidaya. Bibi nimemsomea yote, kasema niandike neno kwa neno.
"Mke mwenzangu Zuhura kangoja miaka 13. Mtoto ni wa Salum na mkewe. Neno la chupa nisilisikie tena humu, nakwambia weye Hamad mwanangu. Asha mjukuu wangu, ya mwaka ule tulikukosea, na mie nimo, hilo pilau nilikuwa nikiliulizia mie. Zuhura aende. Lakini chombo hapandi. Kusi hii naijua, mkondo wa Nungwi umenitapisha nyongo nikiwa msichana, tumbo tupu. Aende kwa ndege au asiende."

[16:50] Bibi Time (Hidaya): Kamaliza. Anaswali.

[18:02] Ami Hamad: Nimesikia mama. Zuhura mwanangu unisamehe. Elfu 50 natuma usiku huu.

[18:20] Shangazi Mwanahawa: Mama kasema, basi. Boti nitawaomba wanirudishie, wakikataa ni mzigo wangu. Sasa ndege ni pesa nyengine, na mimba ikishakuwa kubwa watataka barua ya daktari. Zuhura kliniki yako lini?

[18:31] Zuhura: Jumatatu.

[18:33] Shangazi Mwanahawa: Basi Jumapili haiwezekani tena. Tuseme Jumanne? Jumatano? Salum baba, umo?

[20:15] Salum wa Zuhura: Nimo Shangazi. Nashukuruni nyote. Wachumaji wangu wapo juu ya miti mpaka wiki ijayo, nikiondoka hapa hakuna wa kuanika wala wa kulinda, na pesa ya spitali ni hizo hizo karafuu. Naomba mwanamke mmoja afuatane naye, mie nije nyuma.

[20:16] Shangazi Mwanahawa: Nani?

[21:03] Shangazi Mwanahawa: Nani jamani?

[21:30] Juma Fundi: Ndege inaruhusu mkungu wa ndizi? Mama anataka kumpa Zuhura mkono wa tembo

[21:31] Mwache wa Konde: 😂 weka na pweza

[22:10] Nassor Maskati: Samahanini, simu kazini haturuhusiwi. Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Tiketi za ndege niachieni mie. Nipeni siku na majina mawili kama yalivyo kwenye vitambulisho.

[22:12] Shangazi Mwanahawa: Allah akuzidishie. Jina la kwanza Zuhura. La pili?

[22:47] Da Asha: Nguo zile ndogo bado ninazo kwenye mkoba. Mbili tu ndizo zilovaliwa. Zuhura, kama huoni vibaya, nitazifua.

[22:58] Zuhura: Sioni vibaya. Njoo nazo mwenyewe, Da Asha.

IJUMAA

[05:40] Shangazi Mwanahawa: Assalaam alaykum. Walotoa sasa ni 14. Asha, ile jana usiku ni ndio? Nassor anangoja jina.

[08:15] Shangazi Mwanahawa: Asha?