ZUHURA SI SHANGAZI YA MTU! Yule bwana wa barazani leo kanimaliza

MtazamaAnga (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naandika mikono inatetemeka, kahawa hata haijanishuka kooni.

Yule bwana nyote mnamjua. Yule. Mwenye kofia ya viua, anayekaa kwenye kona ya baraza utafikiri ukuta ulijengwa kwa ajili ya mgongo wake. Sina haja ya kumtaja. Akipiga chafya Shangani, watu wa Michenzani wanamuombea dua.

Leo baada ya magharibi tumekaa zetu, dele limeshazunguka mara moja, jua limeshazama, na juu ya bahari inawaka ile nyeupe, kubwa, imetulia tuli. Kijana mmoja akauliza, ile nyota gani? Nikamjibu kwa adabu zangu zote: ile si nyota mwanangu, ni sayari, inaitwa Zuhura.

Yule bwana akashusha kikombe. Akakiweka chini. Taratibu. Akasema:

"Zuhura ni shangazi yangu, yuko Wete, anauza mandazi."

Baraza zima likaanguka. Muuza kahawa kacheka mpaka dele likamtetemeka mkononi. Kuna mzee pale hajacheka tangu karafuu zikiuzwa kwa pishi, leo kacheka mpaka kavua miwani. Hata paka wa ukutani kageuka kunitazama.

Shangazi! Mandazi!

Miaka 6 mie nalala juu ya paa na darubini yangu, mbu wananijua kwa jina. Zuhura naijua inapotoka na inaporudi. Njia yake iko ndani ya njia yetu, karibu zaidi na jua, ndiyo maana haiachani na jua hata siku moja: ama utaiona magharibi jioni, ama mashariki alfajiri. Usiku wa manane huioni, utafute mpaka shingo ivunjike. Na ule msemo tunaousema kila harusi, nyota njema huonekana asubuhi, mie nashikilia kwamba nyota yenyewe ni hiyohiyo Zuhura, maana alfajiri hakuna inayoishinda kwa nuru. Kwa hiyo miaka yote tunaisifia sayari kwa jina la nyota, na mtu akisema ukweli huo barazani anaambiwa habari za mandazi.

Galileo, yule Mtaliano mtazama nyota, mwaka 1610 aliielekezea darubini akaiona ikipungua na kujaa kama mwezi wetu. Hata darubini yangu, siku Zuhura ikiwa nyembamba na mkono ukitulia, naiona pembe zake. Nilitaka kuyasema hayo. Nilishafungua mdomo. Lakini kikombe kilikuwa kimeshawekwa chini, na ninyi mnajua, yule akishaweka kikombe chini hakuna tena anayesikilizwa mpaka isha.

Ingekuwa kanibishia kwa hoja ningemheshimu. Hakubisha. Kashusha kikombe tu.

KashataMoto
Msalimie shangazi. Mwambie mandazi ya jana yalikosa hiliki.

MtazamaAnga
Sicheki. Kule Zuhura joto linafika nyuzi 460 za Selsiasi na zaidi, risasi inayeyuka. Mandazi yangeungua kabla unga haujakandwa. Na siku yake moja ya kujizungusha ni siku zetu 243, wakati mwaka wake ni siku 225 tu. Siku ndefu kuliko mwaka! Jambo kubwa kama hilo mtu analifunika kwa shangazi!

KashataMoto
Siku ndefu kuliko mwaka? Basi ndiko walikotoka mafundi wetu wa ujenzi.

MpembaWaWete
Mie mtu wa Wete. Akina Zuhura mtaani kwetu wako watano na wawili kati yao wanauza mandazi. Atutajie yupi, asitupakazie wote.

BintiNgambo
Kaka yangu pole sana, ila na mimi nina swali. Umesema imetulia tuli, haimeti. Mie juzi niliiona chini kabisa karibu na maji, ikimetameta kama shanga. Sasa?

MtazamaAnga
Ahsante dada, wewe umeuliza kama mtu. Nyota iko mbali mno, nuru yake inafika hapa nyembamba kama ncha ya sindano. Hewa ikitikisika kidogo tu, nuru inayumba, ndiyo kumeta. Sayari iko karibu, ina upana wake, mtikisiko wa hewa hauiyumbishi kirahisi. Lakini ikishuka karibu na upeo wa bahari unaitazama kupitia hewa nyingi zaidi, na joto la maji juu yake, hapo hata sayari inayumba. Umeona kweli. Na haya ndiyo niliyokuwa nikienda kuyaeleza, kabla ya kile kikombe.

NahodhaMstaafu
Kikombe, kikombe. Ninyi mnagombana na nyota, mie nina kesi na watu wa ardhini. Kuna bwana harusi mmoja, jina nalihifadhi, kapanga sherehe ufukweni, viti 80, siku ya mwezi mpevu, mwezi kumi na tano, saa 10 alasiri. Nikamwambia mwanangu, mwezi kumi na tano ni bamvua, maji hujaa kupita kiasi. Jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, na bamvua hapa Unguja likijaa hujaa kwenye saa hizohizo za alasiri. Akaniambia "babu, programu ya simu inasema hakuna mvua." Mvua! Mie nasema bamvua, yeye anasikia mvua!

BintiNgambo
Ikawaje?

NahodhaMstaafu
Viti vimeonekana vinaelekea Bara. Bi harusi kabebwa mgongoni. Angengoja wiki moja tu yangekuwa maji mafu, hayapandi juu. Au angeuliza mtu yeyote mwenye ngalawa, maji yanachelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hesabu ya kidole.

FizikiaFomuTatu
Tukiwa tunataja mashtaka, na langu lisajiliwe. Nimenunua samaki changu sokoni, mizani ikasema kilo 3. Nyumbani kilo 2 na robo. Nikarudi. Muuzaji ananiambia, mwalimu, si ninyi mnaofundisha kwamba uzito hubadilika mahali na mahali? Kweli hubadilika! Mwezini mvutano ni sehemu moja ya sita ya huku! Lakini mie nimetoka sokoni kwenda Kikwajuni, sikwenda mwezini! Na kinachobadilika ni uzito, tungamo la samaki, yaani wingi wa mwili wake wenyewe, halibadiliki hata ukimpeleka Mirihi.

KashataMoto
Huyo muuza samaki anajua fizikia kuliko sisi. Mpeni shahada.

MtazamaAnga
Jamani, uzi huu ni wa Zuhura. Mtu kadhalilishwa mbele ya watu kumi na mbili. Akashusha kikombe TARATIBU. Hamlioni hilo?

MpembaWaWete
Tumeliona. Hebu niulize, ile ya jirani na jua kabisa, ninyi mnaiita Zebaki au Utaridi? Kwetu nyumbani marehemu babu alisema Utaridi.

FizikiaFomuTatu
Shuleni tunafundisha Zebaki.

MpembaWaWete
Zebaki ni ile ya kwenye kipimajoto. Ikivunjika unakimbia. Utaridi!

BintiNgambo
Msianze maneno, maneno ndiyo yaliyoniua mimi. Sikilizeni. Fundi cherehani wangu nilimuuliza gauni lini, akasema "siku ya tano ya wiki, In shaa Allah." Nikahesabu: Jumamosi ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ya tano. Harusi ya dada yangu ni Jumatano jioni. Nimekaa mlangoni kwake tangu adhuhuri na hina mikononi. Hayupo. Kaja Alhamisi asubuhi na gauni, kanyoosha vizuri, ananiambia "Alhamisi maana yake ya tano, kwa Kiarabu, muulize yeyote."

FizikiaFomuTatu
Kasema kweli. Alhamisi ni ya tano ya Waarabu, wao wanaanza na Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili.

BintiNgambo
Najua kasema kweli! Ndicho kinachoniuma! Nimekwenda harusini na gauni la Idi ya mwaka juzi, mikono imenibana nashindwa hata kupiga makofi!

NahodhaMstaafu
Tano mbili kwenye wiki moja na hakuna aliyelalamika miaka yote hii.

MtazamaAnga
Dada pole. Lakini naomba turudi. Kesho magharibi nakwenda na darubini, namkalisha palepale pembeni mwake, aone kwa macho yake. Nani anakuja?

KashataMoto
Fundi gani huyo, Binti? Si yule mwenye cherehani mbili karibu na mbuyu?

BintiNgambo
Huyohuyo.

KashataMoto
Anayo suruali yangu tangu Mfunguo Tatu!

MpembaWaWete
Na kanzu yangu. Nilimpa wakati wa kusi, sasa kaskazi imeshaingia.

NahodhaMstaafu
Anafungua saa ngapi? Naja nanyi.

KashataMoto
Saa 2 asubuhi, mkutane kwangu. Nahodha njoo na wale vijana wako wa ngalawa.