Dell OptiPlex 7010 ya steshenari imekuwa nzito, nianze kubadili nini kwa laki mbili na nusu?

Steshenari_Mbagala
Wakuu, habari za kazi. Mashine ni OptiPlex 7010, lile kasha kubwa la kusimama. Prosesa i3-3220, RAM GB 4 (kijiti kimoja), haadi diski GB 500, Windows 10. Kazi ni Word, kuskani, picha za pasipoti kwenye Photoshop, na maombi ya Ajira Portal na HESLB kwenye Chrome. Kuwaka hadi kutulia ni dakika tano. Chrome na Photoshop zikiwa wazi pamoja, inaganda. Muuzaji wa Kariakoo anasema nianze na kadi ya grafiki. Ni kweli?

KijitiChaRAM
Hapana mkuu, kadi ya grafiki achana nayo. Grafiki ya HD 2500 iliyomo ndani ya i3 yako inatosha kazi zote ulizotaja. Halafu pawa saplai ya kasha hilo ni wati 275 tu, kwa hiyo kadi yoyote inayodai waya wake wa umeme usiiguse.

Jipime mwenyewe kwanza: bonyeza Ctrl+Shift+Esc (inafungua Task Manager) mashine ikiwa imeelemewa. Ukikuta diski iko 100% na prosesa iko chini, mgonjwa ni haadi diski. Nina uhakika ndicho utakachokuta, kwa sababu RAM ya GB 4 ikijaa Windows inaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi mbio hizo.

Nunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, MPYA. Ichomeke kwenye tundu la bodi lililoandikwa SATA0, ambalo lina kasi ya 6Gb/s. Haina kinachozunguka ndani, hivyo hata ukiibandika kwa gundi ya pande mbili haina neno. Ya zamani ibaki ya kutunzia mafaili, lakini ipime kwa CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski): namba ya mstari wa C5 (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) isipokuwa sifuri, nakili kazi za wateja siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Bodi
Naongezea kwenye RAM, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Soma kibandiko cha kijiti. Unataka DDR3 iliyoandikwa PC3-12800U. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo yenyewe: U ni ya deskitopu, S ni ya laptopu (fupi, haiingii), R ni ya seva, inaingia vizuri kabisa ila mashine haitawaka. Ya PC3L (inayotumia umeme mdogo) nayo ni sawa. Kuna vijiti vya GB 8 vya bei ya kutupa vya prosesa za AMD pekee. Kwenye Intel yako utaishia kuangalia taa ya pawa ikipepesa rangi ya chungwa.

Chukua GB 4 nyingine ya mtumba, zichomeke kwenye sloti mbili zenye klipu nyeupe. Zikiwa mbili zinasomwa sambamba, na hata grafiki inanufaika kwa kuwa inaazima RAM hiyohiyo. Chenji ikibaki, i5-3470 ya mtumba: koa (vichwa vya kufanyia kazi) nne badala ya mbili. Usikubali i5 yoyote ambayo namba yake inaanza na 4, soketi ni nyingine. Na pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa, kwa hiyo ukiiangusha humo ukapinda moja, umeua bodi.

Posta_Tech
Mimi ningeuza. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Hiyo ni ya kizazi cha 3.

KijitiChaRAM
Upo sahihi @Posta_Tech, ila laki mbili na nusu haimvushi leo. Ndiyo maana nimesema SSD iwe mpya na vingine mtumba: SSD atahama nayo kwenda kizazi cha 8, DDR3 na prosesa ya soketi hiyo vitabaki humo humo.

Steshenari_Mbagala
Asanteni sana. Windows niihamishe au nipige upya?

Mzee_wa_Bodi
Piga upya. Chomoa kwanza waya wa haadi diski ya zamani, usije ukafuta siyo. Washa ukibonyeza F2 uingie kwenye mipangilio ya bodi, kwenye SATA Operation (jinsi bodi inavyoongea na diski) weka AHCI KABLA ya kupiga Windows. Dell nyingi hutoka zikiwa RAID On, na ukibadili baadaye utapata skrini ya bluu. Kisha washa ukibonyeza F12, chagua flashi yenye Windows chini ya kichwa cha UEFI. Kama leseni ilikuwa halali itajirudisha ukiunganisha intaneti, kwa sababu imefungwa kwenye bodi. Na ukiwa umeshafungua kasha, badilisha na betri ya CR2032, maana saa ikirudi nyuma Chrome inakataa kufungua tovuti nyingi na utadhani ni bando.