Mlezi wangu wa kikazi kanitafutia kazi yenye mshahara mara mbili, natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Naombeni ushauri

Binti_wa_Loleza (Jumatatu, saa 4 usiku)
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni binti wa miaka 27, nipo Mbeya. Nilisoma sayansi ya kompyuta pale Iyunga, na tangu nimalize nimeajiriwa sehemu moja huku Uyole kama Afisa TEHAMA. Cheo kisiwatishe. Kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa, kukwamua karatasi, na siku za mechi kuhakikisha king'amuzi cha bosi kinakamata. Mwaka wa tatu huu sijaandika hata mstari mmoja wa programu nikiwa kazini.

Mwaka jana niliingizwa kwenye grupu la wanawake wa TEHAMA wa huku nyanda za juu. Tupo kama arobaini, wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Ukiingia unapewa mlezi wa kikazi. Wangu ni mama mmoja aliyeanza fani hii zamani, na kanisaidia kuliko nilivyotegemea. Alinirudishia wasifu wangu mara tatu, akanifundisha kutaja mshahara ninaoutaka bila kucheka-cheka, akanilazimisha kusimama mbele ya wenzangu kueleza kamfumo nilikotengenezea kikoba cha mama yangu.

Wiki mbili zilizopita akataja jina langu kwenye kampuni moja ya pembejeo, ofisi zao Forest. Usaili nimefanya, wananitaka. Nitasimamia mfumo wao wote wa stoo na malipo ya wakulima.

Lakini wakuu, silali. Nichukue au niache? Matusi hapana.

KahawaChungu
Mshahara mara mbili halafu hulali? Nipe namba ya huyo mama, mimi nitalala kwa niaba yako.

Mzee wa Igawilo
Binti yangu, miaka 27. Hujasema kama umeolewa. Mshahara ukizidi kabla ya ndoa, waoaji wanaogopa. Nakwambia kama mzazi.

KahawaChungu
Mzee, kaulizwa kuhusu kazi.

Mzee wa Igawilo
Na mimi nimejibu.

KonaYaKitonga
Kamwene wote. Mimi niko Iringa, Kihesa. Ushauri wangu, jifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu, na hifadhidata vizuri kabla hujaenda, usije ukaumbuka wiki ya kwanza. Mimi nilidanganya kwenye wasifu kwamba najua kutengeneza programu za simu. Nikaitwa Dar. Nikapanda basi usiku, pale Kitonga tukakwama nyuma ya lori lililolala, tukakaa kwa muda wa saa sita, nikatumia muda ule kujifunza kwa video mpaka bando likaisha. Nilifika nimechelewa usaili na bado sijui kitu. Sasa hivi nafuga kuku, namshukuru Mungu.

Dada wa Tukuyu
Mdogo wangu, hongera kwanza. Nina miaka kumi na sita kwenye fani, niko Dar ila kitovu changu kiko Tukuyu. Ngoja nieleze kidogo, maana watu wanachukulia hayo magrupu kama ya kutumiana picha za vitenge.

Darasani kwetu tulikuwa wasichana wanne. Hatukushindwa masomo. Tulishindwa baada ya chuo, kwa sababu kazi nyingi za fani hii hazitangazwi, zinasemwa. Zinasemwa kwenye viti vya nyama choma, kwenye benchi la mpira, na sisi saa hizo tupo nyumbani. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alionyesha kwamba habari mpya za kazi mara nyingi hutoka kwa watu unaoonana nao kwa nadra. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yale yale unayojua wewe. Sasa kama wewe ni mwanamke peke yako ofisini, Uyole, huyo mtu wa mbali utamtoa wapi? Grupu ndiyo kazi yake hiyo.

Wenzetu nao walianzia chini. Mwaka 1987 Anita Borg alikuwa kwenye mkutano wa wataalamu wa mifumo endeshi. Wanawake wachache kiasi kwamba walijikuta wanazungumzia chooni. Wakaenda kula pamoja, wakaanzisha orodha ya kuandikiana kwa barua pepe iliyoitwa Systers. Hapa jirani Nairobi wapo AkiraChix tangu 2010, na kwetu Dar Apps and Girls wanafundisha mabinti programu tangu 2013.

Halafu elewa tofauti moja. Mlezi anaongea na wewe. Anayekutaja pale ambapo wewe haupo, huyo ni mtetezi. Walezi wapo wengi, watetezi ni wa kuhesabu. Huyo mama amevuka mstari huo kwa ajili yako, amekuazima jina lake.

Ila nimesoma uzi wako mara mbili na kuna shimo. Mtu aliyepata kitu kwa haki hakosi usingizi. Hiyo nafasi ilikuwa ya nani?

Binti_wa_Loleza (Jumanne asubuhi)
Asante dada, ndaga fijo. Nafasi ilikuwa na mtu ila anaondoka. Mambo ya mkataba. Swali langu hasa ni kama nimwambie bosi wa sasa ninakokwenda au nikae kimya.

Dada wa Tukuyu
Anaondoka, au anaondolewa?

KahawaChungu
Nimeweka kambi. Aliyeko Mwanjelwa aje na karanga.

Binti_wa_Loleza
Sawa, nisizunguke. Yupo likizo ya uzazi. Alianza tarehe 12 Januari, anategemea kurudi tarehe 22 Aprili. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, unaisha mwisho wa Aprili, na kampuni haitauongeza. Kwa hiyo hafukuzwi. Nataka hilo lieleweke.

Na ndiyo, namfahamu. Ni dada yangu wa chuo, alinitangulia mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha SQL, lugha ya hifadhidata, hosteli, kwa laptopu yake, mimi sikuwa nayo. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye grupu.

Nilimuuliza mlezi kuhusu hilo. Akaniambia, "Usipochukua wewe watamleta mwanaume kutoka Dar, na kiti cha mwanamke kitakuwa kimepotea." Nikaona ana hoja.

Mzee wa Igawilo
Hapo sasa.

Fundi Simu Mwanjelwa
Hili limenigusa. Mimi nina kibanda, natengeneza simu tangu enzi za vitochi. Nikamchukua kijana mmoja kutoka Chunya, hajui hata kushika bisibisi. Miaka miwili nikamfundisha kubadili kioo, mfumo wa chaji, kila kitu. Nikaugua tumbo, nikalazwa siku tisa. Narudi, kijana amefungua kibanda mkabala na changu, na bango kubwa: FUNDI MKUU. Wateja wangu wote wapo kwenye benchi lake. Mpaka leo tunasalimiana. Lakini chakula chake siwezi kula.

KonaYaKitonga
Kuku hawafanyi hivyo.

Wakili wa Mtaa
Mleta mada, usijifariji na neno "mkataba umeisha". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kuwa ni kuachisha kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wa muda maalumu ilhali mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutegemea utaongezwa. Kama umeongezwa mwaka baada ya mwaka, tegemeo hilo lipo. Pia kumzuia mtu kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha, na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, anaweza kudai kurudishwa. Akirudishwa, wewe utakaa wapi?

Binti_wa_Loleza
Asante mkuu, ila mimi si mwajiri. Kesi hiyo ni yao. Na nimeona kila mtu humu ananiangalia kama mwizi. Nimekaa miaka mitatu nabadilisha wino. Mama yangu anauza ndizi Kabwe. Hii milango haifunguki mara mbili. Halafu barua ya kuacha kazi nimeshapeleka Ijumaa iliyopita, siku 28 zinahesabika.

KahawaChungu
Kumbe! Yaani umeshanunua ng'ombe, unakuja kutuuliza kama ununue kamba.

MpimaChai
Wakuu samahani, mimi nahesabu. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ukianzia tarehe 12 Januari, siku ya 84 ni tarehe 5 Aprili, kazini tarehe 6. Hiyo tarehe 22 imetoka wapi? Mtunzi amesahau kalenda. Uzi kama huu niliusoma mwaka juzi, wakati ule alikuwa muuguzi na mlezi wake alikuwa mchungaji. Hii ni chai, tena ya Rungwe, majani mengi.

KonaYaKitonga
Duh. Nami niliona kitu. Bosi gani anaweka king'amuzi ofisini?

Fundi Simu Mwanjelwa
Wapo wengi. Mimi nimefunga vitatu.

Binti_wa_Loleza
Ana mapacha. Ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja unapewa siku 100. Hesabu tena.

MpimaChai
Ngoja. Siku ya 100 ni tarehe 21 Aprili. Sawa, hesabu imekaa. Lakini mapacha wamezaliwa baada ya kubanwa, sivyo? Mwanzoni hawakuwepo.

Mzee wa Igawilo
Mapacha ni baraka. Majina yao?

MpimaChai
Mimi sasa nina wazo jingine. Anayejua siku 100 kwa kidole namna hii ni aliyezaa. Nahisi mleta uzi ndiye mwenye mapacha. Amepata fununu kwamba kiti chake kinakaliwa, amekuja kujifanya mwenzake ili tumtukane, halafu apeleke picha za uzi kwenye lile grupu.

KahawaChungu
Jamani. Huyu aliyeandika hivi ni mpelelezi au ni mgonjwa?

Wakili wa Mtaa
Nikiri kwamba wazo hilo limenipita mimi pia. Jibu langu la kisheria halibadiliki, awe huyu au yule.

Zikapita saa nyingi bila mleta uzi kuonekana. Katikati hapo mtu mmoja aliuliza linki ya grupu, na mwingine akatangaza mchele wa Kyela, gunia la kilo mia, anafikisha mpaka Mafiati.

Dada wa Tukuyu (Jumatano usiku)
Awe nani, naandika kwa yule aliye kwenye hali hii, maana ipo. Mlezi wako amekosea, na nasema hivyo nikiwa mlezi wa mabinti sita. Hoja ya "kiti cha mwanamke kisipotee" ni nzuri sana mdomoni. Lakini wale arobaini watajuaje, wakibeba mimba, kwamba jina lao litatajwa na siyo kiti chao? Kesho ukizaa wewe, nani atakutetea? Wangu mmoja alishika nafasi ya mwenzake miezi mitatu kwa mkataba wa muda, aliporudi mwenye nafasi kampuni ikaona kazi kumbe ni ya watu wawili. Si kila mahali inatokea hivyo. Lakini ilianza kwa kumpigia mwenye nafasi kabla ya kumpigia mwajiri. Wewe umempigia?

Binti_wa_Loleza (Alhamisi, saa 11 alfajiri)
Miezi mitatu dada, halafu? Nimeshaacha kazi. Hamnielewi.

Sikuwa nimempigia. Tangu ajifungue nimeenda mara moja tu, nikakaa dakika kumi, nikadai nawahi bajaji.

MpimaChai
Chai inazidi kuchemka.

Binti_wa_Loleza (Alhamisi, saa 2 usiku)
Nimempigia leo mara tatu, hakupokea. Kampuni nimewaomba waniongezee siku mpaka Jumatatu, wamekubali kwa shingo upande. Jioni hii ndiyo kaniandikia meseji. Naiweka kama ilivyo: "Najua. Mlezi wako ni mlezi wangu pia, alinipigia kabla yako. Njoo Jumapili tuongee. Uje na pampasi, namba mbili."

KahawaChungu
Beba pakiti mbili. Na MpimaChai achangie moja.

MpimaChai
Nitachangia nikiona picha ya mapacha.