Naomba ushauri: mbele ya nyumba yetu Kariakoo pamegeuka maegesho ya watu, mgonjwa anashindwa kutoka

KonaYaNyumba (Jumatatu, saa 3:10 usiku)
Wakuu, habari za usiku. Nina wiki nzima silali vizuri, naombeni mnisaidie mawazo.

Tunaishi Kariakoo, mtaa wa ndani, hatua chache kutoka Msimbazi. Nyumba ni ile ya kizamani ya vyumba sita na uani, aliyotuachia marehemu mama. Pande zote ni maghorofa, sisi tumebaki kama jino moja mdomoni. Mbele pana nafasi ya magari mawili. Kuanzia saa 12 asubuhi watu wanapaki, wanapandisha vioo, wanapotelea madukani mpaka jioni. Mdogo wangu wa kiume anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Usafiri wa kumchukua unakosa pa kusimama. Juzi tulimpitisha kiubavu katikati ya bampa mbili kama watu wanaohamisha kabati.

Naomba kujua kuna utaratibu gani wa kisheria wa kuzuia watu wasipaki mbele ya nyumba. Na je, mtu akigonga kitu chako hapo mbele wakati anatafuta pa kupaki, mwenye makosa ni nani?

Dalali_Mstaafu (saa 3:22 usiku)
Pole sana, na mgonjwa apate nafuu. Mimi swali langu ni moja: mnafanya nini na nyumba ya vyumba sita Kariakoo zama hizi? Babu yetu aliuza ya kwake tukagawana, tukaenda Chanika kununua mashamba. Leo pale kwa babu pana ghorofa lenye fremu za maduka mpaka chini ya ngazi, na mimi nikipita nageuza uso. Msiuze! Ingieni ubia, mwenye pesa ajenge, nyie mpewe fremu mbili na sehemu ya kuishi, na chini ya jengo yawekwe maegesho. Hapo habari ya kupakiana milangoni inakwisha.

KonaYaNyumba (saa 3:30 usiku)
Ahsante mkuu, ila ubia unachukua miaka. Mimi nina mgonjwa wa kesho kutwa.

Kirikuu_Alfajiri (saa 3:41 usiku)
Ngoja na mimi niseme upande wa tunaopaki. Nashusha mizigo Kariakoo mara nne kwa wiki. Tangu Msimbazi ipitishwe mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, sisi wa mizigo midogo tunaishia mitaa ya ndani, na huko ndani tayari kuna guta, mikokoteni, bodaboda na meza za machinga. Nimewahi kuzunguka dakika 50 na mabunda ya vitenge ya mteja huku ananipigia simu anadhani nimekimbia nayo. Kila nilipoona upenyo, pana jiwe, au tairi bovu, au ndoo ya rangi iliyojazwa zege. Nikisimama tu, kijana anatokea kivulini: "Elfu mbili bosi, nikutolee." Nampa. Robo saa baadaye anakuja mkusanyaji wa ushuru, anapiga namba ya gari, deni linaingia kwenye mfumo. Nafasi moja nimeilipia mara mbili, na ya kijana haina risiti. Kwa hiyo mleta uzi, siyo kwamba watu wanapenda mlango wako. Hawana pa kwenda.

MamaWawili (saa 3:55 usiku)
Hata kama hawana pa kwenda, mlango wa mtu una haki yake. Tulifundishwa madrasa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Sasa nyie mnauweka udhia wenyewe, tena wa chuma, mnaufunga na alamu! Mtu anaumwa figo ndani. Watanzania tumeshaacha kuoneana huruma. Zamani mtu akipaki kwako alibisha hodi kwanza, akaacha jina la duka alilopo.

Kamba_na_Bikoni (saa 4:08 usiku)
Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi, nijibu swali lililoulizwa. Kiwanja chako kinaishia kwenye bikoni, yaani zile alama za mpaka zinazowekwa na wapimaji. Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo zimejengwa mpaka mwisho wa kiwanja, kwa hiyo ukivuka kibaraza tu umeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iko wazi: huwezi kuweka kitu chochote humo bila kibali cha mamlaka ya barabara. Mitaa ya mjini iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na ushuru wa maegesho ndio wanaousimamia. Nafasi iliyo mbele ya nyumba ni ya barabara, hata kama mmefagia hapo miaka 40. Unachoweza kufanya ni kuandika barua kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, uambatanishe vyeti vya hospitali, uombe sehemu ya mlango iwekewe alama ya kutopaki.

Ila umeandika "mtu akigonga kitu chako". Kitu gani?

KonaYaNyumba (saa 4:20 usiku)
Kuna nguzo. Mbili tu, za bomba, fupi. Kila mtu mtaani kwetu kaweka kitu. Mwenye duka la mabegi ana minyororo, wa vyombo ana ndoo za zege, na mjumbe anapita kila siku anaona. Sijaelewa kwa nini mimi ndiye nisomewe sheria.

Kirikuu_Alfajiri (saa 4:24 usiku)
Nguzo fupi kiasi gani dada? Maana za urefu wa goti ndizo zinatumaliza. Kwenye kioo cha nyuma hazionekani kabisa.

KonaYaNyumba (saa 4:37 usiku)
Sawa, niseme. Wiki iliyopita, saa 2 usiku, umeme umekatika, kuna mtu alirudi nyuma na Crown akagonga nguzo. Bampa limepasuka na taa ya nyuma imevunjika. Anataka 850,000 kabla ya Ijumaa. Nimempa 200,000 na tumeandikishana karatasi mbele ya mashahidi. Mama amenikataza nisitoe hata shilingi nyingine, anasema mtu anayerudi nyuma ndiye wa kuangalia anakokwenda. Nami naona hivyo hivyo. Tayari nimeshampa fundi wa kuchomelea 60,000 ya kutanguliza, aongeze nguzo ya tatu na mnyororo, azipake njano na nyekundu zionekane. Nilichotaka kujua ni kama nikipaka rangi nitakuwa salama kisheria.

Kamba_na_Bikoni (saa 4:45 usiku)
Rangi haigeuzi hifadhi ya barabara kuwa uwanja wako. Na usisaini karatasi nyingine. Muulize huyo bwana kama alikwenda polisi wa barabarani wakapima ajali, na kama gari lina bima kubwa (inayolipia hata gari lake mwenyewe) au ndogo (inayolipia hasara ya wengine tu). Akiwa na bima kubwa, akaanzie kwa kampuni yake ya bima. Ila jiandae, watauliza nguzo ni ya nani na kibali kiko wapi.

Halafu nikuulize jambo jingine. Nguzo mbili na nafasi mbili. Katikati yake anapaki nani?

Dalali_Mstaafu (saa 4:50 usiku)
Hilo ndilo swali. Mtu hasimiki chuma kwa ajili ya hewa.

KonaYaNyumba (saa 5:02 usiku)
Nimewakodishia watu wa duka. Noah mbili, 120,000 kwa mwezi kila moja, wamelipa miezi mitatu. Kabla hamjanirukia: hiyo hela ndiyo inayompeleka mdogo wangu hospitali na kumnunulia dawa. Sijanunua hereni. Vijana wanaotoza elfu mbili kwa jiwe hakuna anayewaandikia uzi. Mimi angalau nimeandikishiana na mtu mzima, kwa utaratibu.

Shubiri (saa 5:15 usiku)
Wakuu mnapotezewa muda, hii ni chai, stori ya kutunga. Rudini mwanzo. Saa 3 usafiri wa mgonjwa unakosa pa kusimama kwa sababu ya wapita njia wanaotokomea madukani. Saa 5 nafasi zote mbili zina nguzo na zimekodishwa. Hao wapita njia wanapaki wapi, juu ya Noah? Saa 3 mama ni marehemu. Saa 4 mama anapiga simu kukataza deni lisilipwe. Kesho mgonjwa atakuwa amepona, tutaombwa nauli.

MamaWawili (saa 5:19 usiku)
Astaghfirullah. Hata mimi hilo la mama lilinipita.

Dalali_Mstaafu (saa 5:21 usiku)
Nilijua. Nyumba ya vyumba sita Kariakoo, halafu haina dalali mlangoni?

KonaYaNyumba (saa 5:48 usiku)
Nimekaa dakika ishirini nikitaka kufuta kila kitu.

Aliyefariki ni mama mzazi. Aliyenikataza ni mama mdogo, yuko Korogwe, ndiye aliyetulea tangu msiba. Mimi namwita mama, sina jina jingine la kumwita. Kuhusu kupona, naomba kaka Shubiri usirudie. Mtu akishafika kusafishwa figo mara tatu kwa wiki hatanii.

Kuhusu magari una haki, sikusema yote. Wapita njia walikuwa wanatuziba kweli, kabla ya nguzo. Nilipokodisha tulikubaliana na mwenye duka kwamba siku za hospitali Noah moja itolewe saa 11 alfajiri ili bajaji iingie mpaka kibarazani, maana mdogo wangu akitembea hatua thelathini anakaa chini. Wiki mbili walitoa. Sasa dereva analala Mbagala, hafiki kabla ya saa 2, na funguo anaondoka nazo. Gari lililotuziba juzi ni Noah ya mpangaji wangu. Yule mtoto alipita kiubavu kati ya Noah niliyoikodishia na nguzo niliyoisimika, akaniangalia, hakusema kitu. Hela ya miezi mitatu imeshakwenda kwenye matibabu. Nikimfukuza mpangaji leo, nimrudishie nini?

Kirikuu_Alfajiri (saa 6:03 usiku)
Pole dada yangu. Mimi nakuamini. Na nadhani nimeziona hizo nguzo. Moja imelala kidogo upande wa kushoto na mtu kaivisha ndoo ya buluu?

KonaYaNyumba (saa 6:05 usiku)
Ndizo. Ndoo niliiweka mimi baada ya Crown.

Shubiri (saa 6:11 usiku)
Kwa la mgonjwa naomba radhi dada. La mama mdogo pia, na mimi wa kwangu namwita mama. Ila la kukodisha barabara ya umma sibadilishi.

MamaWawili (saa 6:14 usiku)
Mwanangu, udhia niliousema mwanzo sikujua uko kwako. Siku za kusafishwa ni zipi? Nina mtoto wa dada yangu ana bajaji, anaishi Ilala Boma, anaamka kabla ya adhana. Atamsubiri mgonjwa hata akiwa kwenye ngazi, ambebe mgongoni.

Kamba_na_Bikoni (saa 6:30 usiku)
Ukimfuata mpangaji usianze na hela. Anza na miezi iliyobaki: nguzo zinatoka, nafasi inarudi kuwa ya barabara, kiasi kisichotumika utamlipa kidogo kidogo, mwandikishane upya serikali ya mtaa. Naye anajua alichokuwa anakodi, hawezi kukupeleka popote na mkataba wa hifadhi ya barabara. Barua ya alama ya kutopaki peleka wiki hii hii, mwenyekiti wa mtaa aigonge mhuri.

KonaYaNyumba (Jumanne, saa 1:20 jioni)
Wakuu, nimekwenda kwa mwenye duka. Kakasirika, halafu kaniuliza mgonjwa ni yupi, kumbe alidhani ni mzee. Funguo za akiba za Noah moja kaniachia mpaka mwisho wa mwezi. Kuhusu hela bado hatujaelewana. Jamaa wa Crown hapokei simu tangu nimuulize habari ya bima. Fundi alikuja na bomba la nguzo ya tatu begani, nimemwambia badala yake azikate zile mbili. Mama mdogo anaingia Ijumaa na basi la asubuhi, bado anasema nisikate.

Jumatano ni siku ya hospitali. Mama Wawili, nimekuandikia faragha.

Kirikuu_Alfajiri (Jumanne, saa 1:34 jioni)
Dada, mwambie fundi asikate kwa juu. Achimbe, azing'oe na zege lake, ashindilie kifusi vizuri. Kisiki cha bomba kikibaki sentimita tatu tu, kitachana tairi la bajaji na dole la mgonjwa.