Kuwaita watoto na vijana kwa Kihispania: neno la nchi gani, kwa mtu gani?

Kutoka: mwanachama mpya, Madrid

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Nimeanza kazi ya kuwasimamia watoto wakati wa chakula cha mchana katika shule moja ya msingi hapa Madrid. Kihispania cha darasani kilinipa niño, chico na joven, lakini kila mzazi anayefika langoni ana jina lake la kumwita mtoto, na baadhi nimeonywa nisiyatamke kabisa. Naomba mwenye uzoefu anieleze yapi niyatumie, yapi niyaelewe tu, na niandike lipi ninapojaza taarifa ya mtoto aliyeumia.

Kutoka: mwanachama wa Carabanchel, Madrid

Marahaba, mdogo wangu, na karibu. Mimi huwafundisha watoto mpira hapa Carabanchel, mtaa wenye familia nyingi zilizotoka Amerika ya Kusini na ya Kati, na ushauri wangu ni kwamba maneno ya mitaani uyajue mengi kadiri uwezavyo, lakini yatakayotoka kinywani mwako yawe machache, na yawe ya hapa ulipo.

Simama kando ya uwanja wetu Jumamosi asubuhi usikilize. Baba Mhispania anamwita mwanawe chaval, neno lililotoka katika lugha ya Waroma wa Uhispania, yaani wale waitwao gitanos, si watu wa Roma, na ambalo leo ni la kila mtu. Mwargentina aliye karibu naye anasema pibe, ambalo wapenzi wa soka wanalifahamu kwa kuwa Maradona aliitwa El Pibe de Oro. Vijana wa Venezuela wanaitana chamo, Mkolombia anasema pelado, Mperu anasema chibolo, na bibi wa Ekuador aliyemshika mjukuu mkono anamwita guambra, neno la Kikichwa, lugha ya wenyeji wa asili wa huko. Hakuna anayemtukana mwenzake hapo.

Shida huanza neno linapovuka mpaka. Cabro ni mvulana kwa Mchile, lakini Peru ni neno la kuwadhalilisha mashoga. Pendejo kwa Mwargentina huweza kuwa kijana mtukutu tu, ilhali Mmeksiko ukimwita hivyo umemwambia kwamba ni mpumbavu, na kwa ukali. Guagua ni mtoto mchanga kwa Wachile, Wabolivia na watu wa milima ya Ekuador, lakini kwa Wakuba, Wapuerto Rico na watu wa Visiwa vya Kanari ni basi la abiria. Mambo haya hayapaswi kutushangaza sisi, kwani hata chalii wa Arusha, ambaye ni kijana yeyote wa kiume, akifika Nairobi huweza kudhaniwa kuwa ni mpenzi wa msichana fulani.

Linaloniuma zaidi ni cipote. Mama mmoja wa Honduras alikuja kumchukua mwanawe baada ya mazoezi, akauliza kwa upole, «¿Dónde está mi cipote?», yaani yuko wapi mtoto wangu, na kijana wa hapa anayenisaidia kazi akaiva uso, kwa sababu Uhispania hilo ni jina chafu la uume. Honduras na El Salvador ni neno la kawaida la mtoto, na mtu hulitamka bila haya mbele ya wazee wake. Nilimweleza yule kijana palepale, maana mama alikwisha kuuona uso wake umebadilika, akaanza kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Wanawake wengi wa Honduras hapa Uhispania wanalea wazee wa familia nyingine kutwa kucha, na si haki mmoja wao aonekane mchafu wa kinywa kwa kumwita mtoto wake kama yeye mwenyewe alivyoitwa utotoni. Kwa hiyo ukilisikia, usicheke wala usimsahihishe, nawe usilitamke.

Kazini utumie niño na niña kwa wadogo, chico na chica kwa waliokua kidogo. Chaval na crío ni ya mazungumzo na hayafai kuandikwa. Kwenye taarifa andika alumno au alumna, yaani mwanafunzi, pamoja na jina na umri. Jambo likifika kwenye sheria, neno ni menor, yaani aliye chini ya miaka 18. Ukikutana na neno geni, akademia za lugha ya Kihispania zilitoa mwaka 2010 kamusi ya pamoja ya maneno ya Amerika, nayo inapatikana bure mtandaoni na huonyesha kila neno linatumika nchi gani.

Kutoka: mwanachama wa Houston

Kaka amelieleza vyema. Naongeza ya huku Texas, ambako wengi tunaofanya nao kazi wana asili ya Meksiko. Pelado wasilisikie kwako, kwani kwao ni mtu asiye na adabu. Chavo ni kijana, lakini Mpuerto Rico akisema hana chavos, amekuambia hana pesa. Muchacha nalo, ingawa darasani ni msichana tu, katika nyumba nyingi ndilo jina la mfanyakazi wa ndani, kwa hiyo usimwite hivyo binti wa mtu usiyemzoea. Mimi kwa mzazi husema su niño au su niña, yaani mtoto wako, nikitumia usted, «wewe» ya heshima, hadi mwenyewe atakapoanza kulitaja jina analomwitia nyumbani.