Buti ya CV jointi imechanika: nibadilishe buti tu, nifunge shafti ya mtumba, au ile buti ya gundi?

Kijana wa Goba
Habari za jioni wakuu. Nilipeleka gari kuoshwa, dogo wa pale akaniita nione: rimu kwa ndani imejaa grisi nyeusi, imeruka mpaka kwenye shokapu. Kuchungulia, buti ya CV (ule mpira unaofunika jointi ya shafti inayozungusha tairi) imechanika mzunguko mzima. Fundi wa mtaani anasema tutoe shafti nzima tufunge ya mtumba, anayo yeye mwenyewe. Jirani anasema kuna buti zilizopasuliwa, unaizungushia tu na kuipiga gundi bila kufungua kitu. Nataka kazi niifanye mwenyewe nyumbani Jumamosi. Ipi bora? Nawasilisha.

Mzee wa Gia
Gari gani mkuu? Kulia au kushoto? Buti ya nje huku kwenye tairi, au ya ndani kwenye giaboksi? Ukikata kona mpaka mwisho inalia? Umekuja kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Chuma Chakavu
Shafti ya mtumba toka Japani, funga, sahau. Habari za kupakana grisi waachie mafundi.

Mzee wa Gia
@Chuma Chakavu, asahau nini? Hiyo shafti ya mtumba ina buti zenye umri uleule wa gari. Mpira umekauka, ukiukunja kwenye mikunjo unaona nyufa. Akifunga leo, buti inachanika tena, hela imeenda mara mbili. Kama jointi yake haijaanza kulia, ile iliyokuja na gari ni chuma kizuri kuliko hizo mpya za bei chee zinazotetemesha gari ukishika mwendo. Ibaki, ibadilishwe buti.

Dada Premio
Hiyo ya gundi naomba niisemee, maana ilinitesa. Tulikuwa tunakwenda Moshi Krismasi, fundi akaniwekea ile iliyopasuliwa siku ya safari, akasema gundi imeshakauka, nenda dada. Hakuosha hata ile grisi ya zamani, alifuta na tambara tu. Sasa gundi na grisi wapi na wapi! Chalinze tukapita salama, Segera salama. Kuingia Korogwe nikakata kona ya sheli nasikia ta-ta-ta-ta. Kushuka, mshono wote umefunguka, grisi imetapakaa mpaka kwenye kalipa ya breki. Kijana mmoja pale stendi akaifunga na tyubu ya baiskeli na waya, akajaza grisi ya beringi, tukaendelea polepole. Kufika Same kila kona inagonga, watoto wameshaanza kuigiza ule mlio huko nyuma. Moshi nikanunua shafti nzima kwa bei ya sikukuu. Kinachoua jointi si kukauka grisi peke yake, ni mchanga. Ukishaingia kwenye zile gololi unasaga kama msasa.

Kijana wa Goba
Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Ni Toyota IST. Kushoto, buti ya nje. Mlio sijasikia.

Mzee wa Gia
IST ipi? Kuna NCP60 ya 1300, NCP61 ya 1500 na NCP65 ya magurudumu manne. Ukienda Gerezani kwenye maduka ya spea beba kadi ya gari uwasomee chesesi namba, na buti yenyewe iliyochanika uipime mdomo mkubwa na mdogo. Usikubali "hii inaingia zote".

Makanika wa Thika
Salamu toka Kenya. Hapa pia ukienda Grogan, kwenye spea za Nairobi, watakuuliza chassis kwanza. Ndugu, kuna boot za mpira laini unazozivuta juu ya joint kwa kutumia koni ya plastiki, hutoi joint. Ila zingine zinakuwa nyembamba mno. Mimi natoa shaft, napiga joint ya nje kwa nyundo inachomoka, naweka boot mpya, basi.

Fundi Mstaafu
Nyundo kwa Toyota hapana, bwana. Jointi ya nje ya hizi gari haikutengenezwa ichomolewe, ukiipiga unaiumiza. Unatoa shafti, unafungua jointi ya ndani, ile yenye vigurudumu vitatu. Weka alama ya rangi kabla hujaitoa, usigonge alama kwa punchi. Kisha buti ya nje unaipitishia huko huko. Kwa hiyo badilisha zote mbili, umeshafika.

Kijana, sikiliza. Nati ya katikati ni spana 30. Ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, uinue kwanza kwa patasi nyembamba. Ilegeze gari likiwa chini, tairi imefungwa, mtu amekanyaga breki. Halafu ndiyo jeki, na stendi chini, jeki peke yake usiiamini. Fungua boliti mbili za shokapu, vuta habu pembeni. Usivute shafti kwa kuishika katikati, utachomoa jointi ya ndani. Ichokoe pale kwenye giaboksi, na beseni la kukinga oili liwe tayari. Grisi tumia ile nyeusi inayokuja na buti, siyo ya beringi. Wakati wa kurudisha, nati mpya, ikaze kwa 216 Nm, kisha ugonge ukingo upya. Gari lisitembezwe nati ikiwa imelegea, beringi itakufa.

Makanika wa Thika
Mzee, nimepiga nyundo miaka na joint bado zinazunguka.

Fundi Mstaafu
Sawa, ila wenye magari hawajarudi kukuambia.

Spesa King
Swali ambalo hamjauliza: hiyo IST imeinuliwa?

Kijana wa Goba
Ndiyo, nilifunga spesa, vile vipande vya kuinulia gari, mbele na nyuma. Barabara yetu mnaijua.

Mzee wa Gia
😂 Sasa tunaongea. Shafti imelala mwinamo mkali, buti inajikunja upande mmoja muda wote na kusuguana. Utabadilisha buti mpaka uchoke.

Spesa King
Siyo kweli kwa spesa fupi. Zangu nimeenda nazo Mtwara na kurudi, buti nzima. Tatizo ni watu wanaofunga ndefu kama wanakwenda kuwinda.

Dada Premio
Yangu haijawahi kuinuliwa na ilichanika. Mpira ukizeeka umezeeka.

Chuma Chakavu
Na mvua hizi bila spesa Goba utapitaje? Kwa kupaa?

Mzee wa Gia
Kwa kununua RAV4.

Kijana wa Goba
Wakuu, buti zote mbili nimepata Gerezani, grisi na klempu zimo, na zimefanana na za zamani. Nimeanza kazi. Nati ya 30 imegoma, spana imeanza kupinda. Nani yuko jirani ana bomba refu la kuazima?

Spesa King
Bomba ninalo ila niko Kibamba. Hizo spesa zako ni za alumini au plastiki?