Rangi ya kufufua Honda CG125 ya babu: kopo, NC, 2K au ya unga?

Mjukuu wa Bwana Shamba (Morogoro)
Wakuu, heshima kwenu. Nimekabidhiwa Honda CG125 ya marehemu babu, aliyekuwa bwana shamba. Ni ya 1979, imelala bandani miaka mingi. Injini imekubali kuwaka, na sasa nimeifungua yote, iko chini vipande vipande. Rangi ndiyo imenikwamisha. Fundi wa kwanza anasema makopo ya kupulizia yanatosha. Wa pili anataka NC (rangi ya nitroselulosi), wa tatu haamini chochote zaidi ya 2K (rangi ya sehemu mbili zinazochanganywa). Tena kuna jamaa wa Dar wanaopiga rangi ya unga (inapulizwa ikiwa unga mkavu, kisha inaokwa), wananiambia niwapelekee kila kitu, fremu pamoja na tangi. Nina kompresa ndogo ya kuazima na ua wenye ukuta pande tatu. Nataka idumu, na ifanane na ile aliyokuwa akiendea mashambani. Mngechagua ipi?

Fundi Gerezani (Dar)
Mkuu, acha kwanza kutafuta rangi moja ya pikipiki nzima. Fremu adui yake ni mawe na tope. Tangi adui yake ni petroli, na hapo ndipo rangi nyingi zinapoumbuka. Ukishajaza mafuta, tone likabaki pembeni ya kifuniko, rangi ya kopo la kawaida inalainika palepale. Ukifuta kwa kitambaa, kitambaa kinatoka chekundu. NC nayo haipendi petroli, kwa sababu haigandi kwa kemia: inakauka tu thina ikishatoka, na kiyeyusho kikirudi inalainika tena. 2K ina hadina (kigumishi kinachochanganywa nayo), ikishashikana haiyeyuki. Kwa tangi mimi sina mjadala, ni 2K, angalau ile kliya ya juu (tabaka la mwisho linaloonyesha rangi ya chini).

Kuna kosa moja nimelirekebisha mara nyingi mno kwenye kazi za watu: kupiga 2K juu ya NC ya zamani. Thina yake kali inaiamsha ile ya chini na yote inakunjamana. Kwangua mpaka bati, piga praima ya epoksi (tabaka la kwanza linaloshika bati), kisha panda juu. Puti (ya kujazia mabonde) weka kidogo, msasa namba 240, halafu 400, umalizie na 600 wa maji kabla ya rangi.

Vespa ya Malindi (Unguja)
Naongezea la huku pwani. Nilipiga Vespa yangu NC wakati wa masika. Nilipomaliza ikang'aa, baada ya dakika chache ikawa na weupe kama ukungu. Thina inapokauka haraka hupoza bati, na unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi. Niliirudia mwezi wa saba, asubuhi jua likishakausha umande, ikatoka safi.

Vespa haina fremu ya mabomba, mwili wake wote ni bati, kwa hiyo chumvi ikipata tundu moja chini ya sakafu inakula kimyakimya. Ndiyo maana namuunga mkono fundi kwenye epoksi. Rangi ya juu watu wanaiona, lakini kutu inazuiwa na ile ya chini.

Nduthi ya Kale (Nakuru)
Ndugu, tafadhali usipeleke hilo tangi kwa rangi ya unga kabla ya kulikagua. Mimi nilipeleka la Yamaha yangu. Lilikuwa limezibwa tundu zamani kwa lehemu ya risasi na bati, nami sikujua, maana lilifunikwa na rangi. Unga unaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na lehemu ya aina hiyo huanza kuyeyuka karibu na 183. Lilirudi likiwa na rangi nzuri sana na tundu linalovuja. Puti ya kawaida pia haivumilii joto hilo.

Kwa fremu, ndiyo, unga ni mgumu kweli na unafika mpaka kwenye kona. Ila waambie wazibe nyuzi zote za bolti na sehemu za beringi, na namba ya fremu isimezwe. Ujue pia kwamba jiwe likiutoboa, maji yanaingia chini na kutu inatembea bila wewe kuiona. Kuziba pengo kwa brashi hakupendezi.

Mzee wa NC (Arusha)
Mnaionea NC. Kwa mtu wa nyumbani ndiyo rangi inayosamehe: ikichuruzika unapiga msasa kesho yake unarudia, na ukiipolishi ina mng'ao wa kina unaofaa pikipiki ya umri huo. Apige NC kwenye madigadi na vifuniko vya pembeni, tangi pekee lipate 2K.

Fundi Gerezani (Dar)
Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kusamehe nakubali. Lakini kopo mbili tofauti za nyekundu hazitafanana juani. Akipiga tangi 2K, na madigadi yafuate.

Dada wa Spreigani (Mwanza)
Kabla hajanunua hiyo 2K aelezwe hatari yake. Hadina ina kemikali iitwayo isosayanati. Huinusi ukajua imezidi, na ikishaufanya mwili uwe na mzio unaweza kupata pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na ua wenye watoto na kuku si mahali pake. Kaka, fanya mwenyewe kukwangua, puti, praima na msasa, ambazo ndizo siku nyingi za kazi, kisha mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia rangi apulizie. Na kutu ya ndani ya tangi itoe kabla ya rangi, si baada.

Mjukuu wa Bwana Shamba (Morogoro)
Shukrani wote. Fremu unga, bati zote 2K kwa fundi mwenye chumba, msasa ni wangu. Lakini leo limetokea jambo. Nakwangua tangi, chini ya tabaka la pili zikatokea herufi nyeupe za brashi: KILIMO. Sikuwahi kuziona. Sasa nimesimamisha msasa.

Fundi Gerezani (Dar)
Usiguse tena. Weka karatasi nyembamba juu, chora herufi zote kwa penseli, pima umbali kutoka kwenye mshono wa tangi, piga na picha. Ukishapigiwa nyekundu ya msingi, ziandikwe upya kwa brashi kwa kutumia nyeupe ya msingi ya aina hiyohiyo, si rangi ya mafuta, maana kliya ya 2K itaikunja. Kisha kliya juu ya yote.

Mjukuu wa Bwana Shamba (Morogoro)
Karatasi ninayo. Herufi ya L imeinama kidogo kushoto. Nitaichora hivyohivyo.